Mwanga Katika Damu ya Mariana

Mariana, mke wa Malale, alikuwa mtu wa kupayuka. Akifurahi, kijiji kizima cha Kasokola kinajua. Akikasirika, hata ng'ombe wanasogea pembeni. Jambo moja tu hakulisema kwa sauti: mama yake na dada yake Esteria wote walikufa kwa saratani ya titi, na wote wawili waligundulika kidonda kikiwa kimeshatoka nje. Yeye sasa alikuwa amefikia umri ule ule aliofia dada yake. Kila akioga alijipapasa, hapati kitu, na bado hakuiamini mikono yake.

Basi aliposikia redioni kwamba watafiti wamefika Mpanda mjini na mashine inayotafuta dalili za saratani ya titi kwa kupitisha mwanga kwenye damu, alikaribia kuruka.

"Baba Yotham, kesho nakwenda mjini."

Malale akauliza nani atakamua ng'ombe.

"Kwani wewe huna mikono?"

Tangazo lilisema watu waje bila kula. Mariana alilisikia vizuri kabisa. Lakini kwao, Wasukuma wafugaji, mtu anayekwenda kutolewa damu haondoki hivi hivi. Hunywa samli iliyoyeyushwa ili damu ipate nguvu. Na samli, kwa akili yake, haikuwa chakula. Akaishusha kikombe kizima, akafuta midomo, akapanda bodaboda.

Huko mjini mtaalamu wa mashine ile, binti wa kabila la Wapimbwe aitwaye Romana, alimtoa damu huku akimweleza. Kila kilichomo kwenye damu hunyonya mwanga kwa namna yake. Mashine huusoma mwanga unaobaki na kuchora mstari wenye vilima na mabonde. Damu ya mwenye saratani, wanavyodhani, huchora tofauti kidogo.

"Bado ni utafiti, mama. Mashine ikishtuka hatusemi unaumwa. Tunakupeleka kwenye vipimo vikubwa."

"Kumbe nyie mnafanya kama mimi sokoni!" Mariana akadakia. "Samli ya watu naiinua juani. Nikiona ukungu, najua imechanganywa."

Romana akacheka, na Mariana akarudi nyumbani akiimba.

Kesho yake simu ikalia akiwa anasukasuka kibuyu cha maziwa. Akaambiwa damu yake imeisumbua mashine, arudi. Akakiweka kibuyu chini. Malale, ambaye hakuwahi kumwona mkewe yuko kimya, aliogopa kuliko yeye. Akamwachia jirani ng'ombe, akampakia mkewe kwenye pikipiki.

Romana akawaonyesha kichupa. Damu ilikuwa imetuama, na majimaji ya juu, ambayo kwa kawaida huwa ya manjano na angavu, yalikuwa meupe pe.

"Mwanga haupiti hapa. Jana ulikula nini, mama?"

"Sikula."

"Ulikunywa?"

Mficha uchi hazai. "Samli," akasema Mariana. "Kidogo."

"Kikombe kizima," Malale akasahihisha.

Romana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mariana naye akacheka, machozi yakimtoka kwa ahueni, akaapa kurudi na tumbo tupu.

Akarudi kweli. Safari hii majimaji yalitoka safi, mwanga ukapita, na mstari ukaja na kilima kidogo mahali ambapo hakikutakiwa. Sasa hapakuwa na samli ya kusingizia. Romana hakucheka. Akamwandikia rufaa ya kwenda hospitali Mwanza.

Huko wakampiga picha ya matiti, wakatoa kinyama kidogo, wakakipima. Siku ya majibu Malale alimshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi. Daktari akaanza taratibu: ni saratani, ila ni ndogo kama punje ya mtama, mkono usingeweza kuigusa, na haijasambaa popote. Wataitoa, kisha dawa zitafuata.

"Umewahi sana, mama."

"Hebu rudia."

Daktari, akidhani hajaelewa, akaanza kumweleza kwa upole saratani ni nini.

"Hiyo naijua, mwanangu. Rudia lile la mwisho."

"Umewahi."

Katika ukoo wao hapakuwa na mwanamke aliyepata kuambiwa neno hilo. Mariana akatoka nje ya chumba, akasimama katikati ya korido, akapiga kigelegele kirefu, akaongeza na kingine, mpaka wauguzi wakachungulia milangoni kuuliza nani amejifungua.