Sahani ya Mlango wa Pili

Harufu ya iliki na nazi ikinipitia puani, hainirudishi Temeke nilikozaliwa. Inanirudisha kwenye korido ya ghorofa moja Uarabuni, korido isiyo na dirisha, yenye zulia la kijivu na baridi ya kiyoyozi, ambako mama yangu aliamua kugawa vitumbua. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi, na kampuni ilipompa nyumba badala ya kitanda cha kambini, akatuita mimi na mama tukaishi naye. Tulifika msimu wa joto kali. Mchana barabara zilikuwa tupu, bembea za chini ya ghorofa ziliunguza mapaja, na bomba la maji baridi lilitoa maji ya moto. Watu waliishi nyuma ya milango. Mama, aliyezoea kujua jirani kaamkaje kabla hata hajanawa uso, aliichukia hali ile waziwazi.

Tulipomaliza kufungua mabegi, akakaanga vitumbua na kunituma mlango wa pili na sahani yetu ya maua mekundu. Mwanamke mwembamba, mgeni kama sisi, kutoka nchi nisiyoijua, akaipokea akitabasamu. Kesho yake tuliikuta mlangoni petu imeoshwa, inang'aa, tupu. Kwa mtu aliyelelewa Temeke, sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utaweka ndimu mbili. Mama aliigeuzageuza mkononi kama anayetafuta ufa. "Haya," akasema, "tutaona nani atachoka." Akaijaza tena, na ikarudi tupu tena.

Ndipo mlinzi wa jengo akaja kutuonya kwamba hapa watu hawagongeani milango. Baba aliingiwa na hofu. "Mama Zuhura, nyumba hii ya kampuni. Wakilalamika, nyie mnarudi Temeke, mie narudi kambini." Niliogopa, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimempata baba wa kumshika, si wa kumsikia kwenye simu. Mama hakuinua sauti. "Basi waandike hivyo hivyo, Baba Zuhura, kwamba wamenifukuza kwa kosa la vitumbua." Nilimkasirikia sana. Jioni ile alinishika mkono, tukaenda wote na sahani yetu imejaa vitumbua.

Mlinzi alikuwepo koridoni, akasimama kututazama. Mwanamke yule alifungua, akaipokea sahani, akaanza kusema mambo mengi kwa Kiingereza huku akionyesha yale maua mekundu. Nilikuwa na Kiingereza changu cha shule, nikatafsiri nilivyoweza. "Mama, anauliza kama sahani ilikuwa haijatakata." Kumbe kwao heshima ni kukisugua chombo cha mwenzako hadi king'ae. Ukitia kitu ndani, ni kama umemlipa na kumwambia hamdaiani tena. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye zulia. "Mwambie mie nataka tudaiane," akasema. Nilipomwambia, mwanamke yule naye akacheka, akatuvuta ndani. Mlinzi alipewa kitumbua, akaenda nacho. Hakuna aliyelalamika, na tuliishi na baba pale mpaka mkataba wake ulipokwisha.

Sasa naishi Bunju, mtaa mpya wa kuta ndefu na mageti yenye kengele. Wengi wetu ni wahamiaji, kila mtu na alikotoka. Mume wangu ananiambia niache, siku hizi watu hawapendi usumbufu. Mlinzi wa Uarabuni alisema hivyo hivyo, ila yeye angalau alikuwa na jangwa la kusingizia. Sisi tuna upepo wa bahari na lugha moja, tunajifungia kwa sababu gani? Mimi sikubali. Juzi nilipeleka vitumbua nyumba ya pili. Jana mlinzi wao akairudisha sahani tupu, tena haikuoshwa vizuri. Leo asubuhi nimeloweka mchele mwingine.