Mgonjwa Haulizwi Uji

Kaka yangu alikuwa amekataa kula, na mimi nilitumwa Norwe kumlisha. Mama aliiita hivyo safari ile, ingawa kwenye viza iliandikwa nakwenda kumtembelea ndugu mgonjwa. Kaka aliondoka Tanga angali kijana, baharia wa chumba cha injini, akateremka kwenye mji wa bandari usiojua kukatika mvua, akabaki huko mpaka akaota mvi. Sasa ini lake lilikuwa limekwisha. Daktari alisema dawa hakuna tena, lakini kama atakula akapata nguvu ya kukaa kitako kwa muda, ndege itampokea na atarudi kwao kupumzika. Alisema kupumzika. Mimi nasema kufa, maana sipendi maneno ya kufunikafunika.

Mama, pale kwetu Ngamiani, Tanga, alikuwa ameshamwandalia chumba cha mbele. Alifua shuka, akazianika, akazitandika, na zikikaa bila mtu akazifua tena. Kila jioni alinipigia simu, na baada ya shikamoo yangu swali lake lilikuwa moja tu: mnakuja lini?

Nilikuwa nimekwenda na begi la vyakula. Visheti, achari ya embe, unga wa mtama wa uji, na ng'onda niliowafunga kwenye magazeti, na bado nguo zangu zote zikanuka samaki mkavu. Niliukoroga uji nyumbani kwake, nikautia kwenye chupa ya chai, nikaupeleka wodini alikolazwa. Kwetu mgonjwa haulizwi uji, analetewa. Akaonja kijiko kimoja, akafumba mdomo. Kesho yake nikampelekea ng'onda wa nazi, harufu peke yake ikamtapisha.

Nilikasirika, tena nilimkasirikia yeye, wala si maradhi. Nikamwambia, "Kaka, mama anafua shuka kila uchao, nawe kijiko cha uji kinakushinda?"

"Mdogo wangu," akasema, "mdomo huu umekuwa kama si wangu."

Neno lile nilitoka nalo. Nikawaza, kama mdomo umekuwa si wake, huenda umekuwa wa huku. Basi nitautafutia chakula cha huku.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuruhusiwa kuingia wodini, nilishuka gatini kwenye soko lao la samaki. Wageni wengine walikuja pale kwa raha zao, wanapiga picha sahani na kuchekeana. Mimi nilikuja kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nyama zao sikuzigusa, sikujua zimechinjwaje, lakini samaki hachinjwi, kwa hiyo kwa samaki sikuwa na hofu. Kulikuwa na muuzaji mmoja, mama wa makamo mwenye mikono myekundu kwa baridi. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kufundishia watoto kwamba nina mgonjwa, akawa ananikatia vipande na kunipa kwenye kijiti nionje.

Nilionja samaki mbichi aliyelazwa kwenye siki na sukari. Nani humtia samaki sukari? Nilionja vidonge vyeupe vya samaki aliyesagwa, laini, havina chumvi wala pilipili, ukivitafuna huna unachotafuna. Nilionja jibini ya rangi ya kahawia, tamu kama halua iliyochacha. Nilionja chapati zao za viazi, zimepakwa siagi na kukunjwa, na hizo nakiri hazikuwa mbaya. Vingine nilivitema kwenye karatasi nikiwa nimempa kisogo yule mama, maana alikuwa ananitazama kwa matumaini. Sikuwa na njaa hata mara moja. Nilikula kwa chuki, kila kipande nikikiuliza kama ndicho kitakachompandisha kaka kwenye ndege.

Nilichoona kinapita kooni nilimpelekea. Chapati ya viazi aliilamba siagi akairudisha. Vile vidonge vya samaki alivitazama tu. Mashavu yake yaliingia ndani, na pete aliyokuwa nayo tangu ujanani ikawa inateleza mpaka nesi akaivua na kuiweka kwenye droo. Jioni mama akapiga. Nikamjibu kwamba kaka anajikusanya nguvu kidogo kidogo. Mama hakunibishia, lakini hakushukuru pia.

Siku moja mchana, kama unaweza kuuita mchana, maana huko jua la baridi huchungulia tu likaondoka, kaka alifumbua macho na kusema kwa sauti safi kabisa, "Nataka supu ya samaki. Ile nyeupe, ya gatini."

Ile ndiyo niliyokuwa nimeipita siku zote bila kuionja, kwa sababu wanaitia maziwa ya ng'ombe, na samaki na maziwa kwangu ni vitu visivyokaa chungu kimoja. Nikanyanyuka nikavaa koti. Nilikuwa na furaha, miguu ilikuwa inanitangulia. Kaomba mwenyewe! Nilifika njia panda ya taa za barabarani, taa ikawa nyekundu, nikasimama, na pale ndipo nilipokumbuka.

Kwetu mgonjwa aliyekwisha kukikataa chakula, akikiomba kwa kinywa chake, watoto hufurahi na watu wazima hunyamaza. Hiyo ni riziki yake iliyobaki, anaimalizia. Nilishaona kwa majirani, nilishaona kwa bibi yetu. Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka, mimi nikabaki. Nikajiambia kwamba nikirudi mikono mitupu, nikisema soko limefungwa, atakuwa na riziki isiyoliwa duniani na hatakwenda popote. Mawazo ya kitoto, kwa mwanamke aliyefundisha shule maisha yake yote. Na chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, uchungu. Mama yuko Ngamiani anafua shuka, na mwanawe katika vyakula vyote vya dunia ametamani supu ya watu hawa.

Nikaenda nikainunua. Yule muuzaji akanipa kijiko nionje kwanza, kama kawaida yetu. Ilikuwa tamu. Nilitaka iwe mbaya, na ilikuwa tamu.

Kaka aliinywa yote. Nilimlisha mimi, kijiko baada ya kijiko, akawa anafungua mdomo kabla sijafika. Alipomaliza akasema alhamdulillahi, akajilaza. Nikatoka kwenye ujia kumpigia mama, na nikajifanya sijui ninachokijua.

"Mama, leo kala. Supu bakuli zima, kamaliza."

"Kaomba mwenyewe?"

"Kaomba mwenyewe."

Akanyamaza. Nilisikia kengele ya baiskeli ikipita barazani kwetu. Kisha mama akasema, "Mlaze kibla, mwanangu." Wala hakuniuliza tunakuja lini.

Nesi wa zamu alikuwa binti mrefu, mpole. Nilimweleza ninachotaka, akakubali bila maswali, akafungua breki za kitanda. Nikamuuliza kaskazini ni wapi. Akanionyesha dirishani, kwenye mlima ulioshika giza. Tukakisukuma kitanda, nusura tung'oe nyaya, tukakigeuza mpaka uso wa kaka ukaelekea dirisha lile. Nikahisi walau hilo nimelifanya sawasawa. Kwetu kaskazini ndiyo kibla, hata nyumba ya jirani wa kaskazini tunaiita ya upande wa kibla, na tangu nipate akili sijawahi kuswali nikielekea pengine. Pale wodini sala zangu zote nilikuwa nimeziswali nikilitazama dirisha lile.

Kaka akafumbua macho. Akautazama mlima.

"Umenielekeza wapi?"

"Kibla, kaka. Mama kasema."

Mabega yake yakatikisika, nikadhani maumivu, kumbe anacheka. "Hiyo kibla ya Tanga," akasema. "Huko mbele ni barafu tu." Akapumzika, akakusanya pumzi, akainua kidole na kuonyesha nyuma yangu, kwenye mlango wa wodi. "Hapa kibla iko kusini, dada. Hapa kibla ni kwetu. Miaka yote hii naswali nimewaelekea nyinyi."

Nesi akauliza anasema nini. Nikamwonyesha mlango. Nilishika upande wangu wa kitanda, naye akashika wake, tukaanza kukigeuza upya.