Chupa ya Bluu ya Mama

Harufu ya fungo, yule mnyama wa usiku mwizi wa kuku, haitoki kichwani. Nilikuwa mdogo, sijaanza hata kuvaa kaptula, alipoingia kwenye banda la kuku la bibi kule kwetu mlimani, wanaume wakamtoa kwa marungu. Mwenyewe alikimbia, uvundo wake akatuachia. Ulikaa kwenye migomba, ukakaa kwenye nguo, bibi akagoma kula akisema hata ugali unanuka matako ya mnyama. Bibi yangu huyo alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu; padri wa misheni akimwona kwa mbali alibadili njia. Lakini nikianza habari za bibi hatutoki hapa.

Huyo fungo nilikuja kumkumbuka miaka kadhaa baadaye, baba aliposema kwamba Wazungu hutia kitu cha mnyama yule kwenye marashi yao. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Fideli, yaani nimejipaka fungo?"

"Umejipaka, na umependeza."

Baba alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, huko chini nje ya mji wa Morogoro. Alishuka Jumatatu alfajiri, akapanda Jumamosi jioni, magoti yakimlia. Mke wa Mgiriki alikuwa na chupa za marashi za zamani, nyingine za mama yake na bibi yake, zilizokuja na meli kutoka kwao. Marashi yakiisha, chupa alimwachia baba. Naye alizifunga ndani ya shati, akapanda nazo mlima kama mtu aliyebeba mayai. Moja ilikuwa na kizibo cha kioo mfano wa ua, nyingine shingo ndefu kama korongo.

Mama alizipanga kwenye shubaka la ukutani. Hakuziosha hata siku moja. Alisema maji yakiingia, basi, zimekufa. Jumamosi tukishakula alichukua moja, akaifungua kidogo, tukanusa kwa zamu, akaifunga haraka. Mtoni wanawake walimwita Mama Chupa.

"Mama Chupa, wiki hii mumeo kakuletea hewa ya Ulaya?"

"Kaniletea. Njoo unuse, ila huo ugoro wako uuache nje."

Kulikuwa na moja ndogo, ya bluu, nene. Hiyo ndiyo pekee aliyoitumia. Alitia humo mafuta ya nazi, akatumbukiza karafuu na vipande vya mdalasini, vikachanganyika na marashi yaliyobaki ndani. Alijipaka nywele. Ukilala mapajani pake, harufu ilikuwa hiyo. Sijaikuta kwa mtu mwingine, na nimetembea.

Mama alikufa masika, kwa homa ya siku chache tu. Mvua ilikuwa imekata njia, baba akafika tumeshazika.

Sasa kwa msiotujua, sisi Waluguru ardhi na watoto ni wa ukoo wa mama. Mwanamume huja kuishi kwa mkewe. Mke akifa, matanga yakianuliwa, yeye hufungasha akaenda kwao. Hakuna ugomvi, ndivyo tulivyo. Baba alikuwa mtu wa upande wa Turiani, naye alilijua hilo. Nyumba aliyoijenga, migomba aliyoipanda, na mimi, sote tulibaki kwa mjomba, kaka yake mama.

Siku ya kuanua matanga, vyombo vya marehemu huoshwa kabla ya kugawiwa ndugu zake. Mama mdogo na wenzake walibeba kila kitu mtoni: sufuria, vibuyu, na chupa. Wakazisugua kwa majivu na mchanga, wakazianika mkekani. Zilivyong'aa! Nilikaa kuzilinda kuku wasiziangushe, nikijua baba akiziona atafurahi.

Mjomba alipomaliza maneno yake mbele ya watu, alimgeukia baba kwa upole, maana walipendana.

"Shemeji, sema unachotaka. Usiondoke mikono mitupu."

"Ile chupa ya bluu tu, shemeji."

"Mtu na akili zake anaacha jembe, anataka chupa!" mzee mmoja akatania, watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani.

"Mpeni," mjomba akasema.

Mama mdogo alimletea kwa mikono miwili, amepiga goti. "Nimeisugua mwenyewe, shemeji. Mafuta yalikuwa yameganda humo, nimehangaika nayo."

Baba alitoa kizibo, akaipeleka puani, akafumba macho. Akanusa. Akanusa tena, akaitikisa, akanusa. Mimi nimesimama nikingoja aisifu. Leo umri wangu umeupita wake wa siku ile, na mimi nimeshazika mke, nikanusa kanga yake mpaka ikawa kitambaa tu. Ndipo nikajua baba alikuwa akimtafuta nani mle ndani. Picha yake hakuwa nayo, na uso wake hakuuona kabla ya udongo. Siku ile niliona tu mtu mzima akinusa kioo.

"Ahsante, shemeji," alimwambia mama mdogo. "Imetakata."

Akarudisha kizibo, akaiweka mkekani polepole isigonge nyingine. Akanishika kichwa. Akachukua furushi lake, akashika njia ya kushuka, hakugeuka nyuma, wala kwetu hakukanyaga tena.