Sindano Kabatini

Mtaani walimwita Bwana Sisimizi, na fundi bomba huyo alilichukia jina hilo kuliko bomba linalovuja. Kwani kosa lake nini? Alifunua shimo la mita ya maji kwa mteja, sisimizi mmoja akamchoma kidole, akaanguka palepale, uso umevimba, pumzi haitoki. Alipotoka hospitali watu walimwuliza kama ana kifafa. Wengine walicheka waziwazi: mwanamume mzima, mabega kama mlango, kuangushwa na mdudu! Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani alitaka kusikia hayo?

Daktari hakucheka. Alimpa sindano iliyokwisha kujazwa dawa, akamwambia akichomwa tena ajidunge pajani hapo hapo, na asitoke nyumbani bila hiyo. Ila fundi alikuwa na mama, na mama yake alikuwa na kabati la vioo.

"Kitu cha thamani hivi ukitupe kwenye mfuko wa spana na grisi?" mama alisema. "Lete nikutunzie."

Akaifungia pamoja na vikombe vya wageni, ambavyo hata wageni hawakuwahi kuvinywea, ufunguo akauvaa shingoni. Fundi alibisha leo, akabisha kesho. Jibu lilikuwa lile lile: "Nimekuzaa mimi. Afya yako naijua mimi." Utamwambia nini mtu wa namna hiyo? Alimeza hasira, akaenda kazini bila sindano, akigonga kila kifuniko cha shimo kwa nyundo kabla ya kukifunua.

Asubuhi moja, akibadilisha bomba la uani kwake mwenyewe, alihisi moto kwenye kifundo cha mguu. Viganja vikaanza kuwasha. Midomo ikawa mizito.

"Sindano!" alimwambia mkewe.

"Ufunguo anao mama, na mama kaenda kumwona mgonjwa!"

Mkewe, aliyeishi nyumba ile miaka yote bila kuthubutu hata kulifuta vumbi kabati lile, aliokota spana kubwa akakipiga kioo. Vikombe vikamwagika sakafuni. Akavikanyaga vigae vyake, akamdunga mumewe pajani, kisha akapiga kelele majirani walete gari.

Jioni mama alifika wodini, machozi na hasira pamoja. "Si mngeningoja kidogo! Nilikuwa mtaa wa pili tu."

"Mama," mkwewe akamjibu, "angekungoja akiwa amefunikwa shuka."

Mama akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamtazama mwanawe, macho yamebaki nyufa mbili, akamshika mguu, akalia kweli kweli. Fundi akahisi kinyongo alichokilea muda wote kinamtoka. Angalau sasa ameelewa, alijiambia.

Daktari akaingia na sindano mpya. Kabla fundi hajanyoosha mkono, mama alikwisha kusimama, kiganja wazi.

"Nipe mimi, daktari. Huyu mtoto ataipoteza."