Chuo Kinataka Mama Aape Tena

Ndugu mhariri, jina langu lifiche, maana hapa Magomeni, Mtwara, tunajuana wote. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, mwalimu wa sekondari, sijaoa. Nimepata nafasi ng'ambo ya kusomea shahada ya pili. Badala ya kufurahi, mwenzenu nimekonda, usingizi siupati, na sina wa kumwambia.

Balaa lilianzia kwenye vyeti. Chuo kilitaka vyeti vyote tangu darasa la saba, alama zangu zitumwe na chuo nilichosoma ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, na barua za walimu wawili. Hayo nilihangaika nayo nikayamaliza. Kumbe kuna sharti nililolipita haraka haraka: jina liwe moja kwenye vyeti vyote, kama sivyo, mzazi aape mahakamani kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Na cheti changu cha darasa la saba kina jina la utotoni.

Kwa msiotujua sisi watu wa huku: mtoto akitoka jandoni hupewa jina jipya, la zamani halitajwi tena. Ukimwita mtu mzima jina lake la utotoni umemtukana, mtapigana. Lakini mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa mbali, hakutaka kusikia habari za kubadili rejista, nikabaki nalo mpaka nilipoingia sekondari. Hata hapa mkono unakataa kuliandika.

Tena langu lina makubwa zaidi. Tuliingia jandoni wawili, mimi na mdogo wangu. Nyumbani mama hakuwahi kutuita mmoja mmoja. Akiita langu, la mdogo wangu linafuatia hapo hapo, kwa pumzi moja, njooni mle. Mdogo wangu hakutoka. Homa ilimchukua, akazikwa huko huko kumbini, kwenye kambi ya jando, na kwa desturi mama hakuambiwa. Akaendelea kupika na kupeleka chakula cha watoto wawili. Siku ya kutoka alisimama na nguo mpya za watu wawili mikononi, nikaja peke yangu. Kaburi hakuonyeshwa. Tangu siku ile sikumsikia akitaja lolote kati ya majina yale.

Nikamfuata kijijini, upande wa Nanyamba. "Mama, ni neno moja tu," nikamwambia.

"Yale majina ni ya wawili," akasema. "Nikiita moja, na yule atasikia."

Nikakasirika, msomi mimi! Nikamwambia hayo mambo ya kizamani yataniharibia maisha. Akajifunga kanga, tukapanda lori la korosho.

Mahakamani hakimu alimuuliza kwa upole, "Bibi, huyu mwanao utotoni mlimwita nani?" Mama akafumba macho. Jina likatoka, na la mdogo wangu likafuatia hapo hapo, kwa sauti ile ile ya kutuita kula. Lahaula! Karani akayaandika yote mawili kama yalivyosemwa, akagonga mhuri, nami kwa papara zangu nikaituma ile karatasi bila kuisoma.

Tangu hapo mama yuko kwangu, hataki kurudi kijijini. Tuko wawili, lakini kila jioni anapakua sahani ya tatu. Mlango hataki ufungwe kwa komeo. Juzi nilimsikia anacheka jikoni, nikamuuliza anacheka na nani, akasema, "Na mwenzio." Jamani, nisiwafiche, siku hizi nikitoka kazini nasimama kwanza nje nikisikiliza. Naogopa, na huku natamani nimsikie.

Sasa chuo kimejibu. Kiapo kimerudishwa, kinataja watoto wawili, haieleweki mwenye cheti ni yupi. Mama aape upya, ataje jina langu pekee, na aeleze yule mwingine yuko wapi. Karani kasema yatosha mama aseme, "Mtoto huyo amekufa." Mama hajawahi kuyatamka maneno hayo maishani mwake. Mjomba, kaka yake mama, anasema nitafute bibi mwingine aape badala yake, nani atajua? Mimi ninayewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo! Na mwezi huu ukiisha bila kiapo, nafasi anapewa mtu mwingine.

Juzi mama aliniona nimeishika ile barua, akauliza inasemaje. Nikamweleza yote. Akajifunika uso kwa kanga, nikadhani analia, kumbe anawaza.

"Nitasema, mwanangu," akaniambia. "Ukasome. Lakini mwambie wewe kwanza. Alikuwa anakusikiliza wewe. Mimi siwezi kumfukuza mtoto bila kumuaga."

Tangu hapo, kila nikiingia ndani namkuta amejifunga kanga yake ya safari, ananiuliza, "Umeshamwambia?"

Ndugu wasomaji, nishaurini, nifanye nini?