Mchawi wa Kuzaliwa

Mama wa kijana aliyetaka kumwoa mjukuu wangu alikuja peke yake kutoka Waithaka, Jumamosi mchana, na nilijua kilichomleta. Kwetu Ukambani, kabla ya mbuzi wa mahari kupelekwa, mtu mzima hutumwa kuuchunguza ukoo. Hasemi anatafuta uchawi. Anauliza habari za mashamba, kisha za waliokufa, na walikufaje.

Nilimwandalia chai hapa sebuleni kwangu, mtaani Jamhuri. Tukaomba, naye akaanza.

"Na yule mjomba wenu wa Kitui, aliugua nini?"

"Sukari," nikamjibu.

Ndipo sauti ya mjukuu wangu ikapenya mlango wa chumbani: "Mnanicheza? Mimi ni mchawi wa kuzaliwa! Leo namaliza hiyo familia yote!"

Mgeni alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mezani bila kukigusisha mdomo, akauvuta mkoba wake magotini.

Nikamwita mjukuu. Alitoka na visikizi shingoni, na alipomwona mgeni akasimama kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Ulikuwa unaongea na nani?" nikauliza.

"Ni gemu tu, susu," akanijibu mimi bibi yake. "Ya kompyuta. Tunacheza na marafiki."

Akaeleza kwamba katika nchi ile ya kubuni kila mtu huzaliwa ndani ya tabaka lake: wahunzi, walinzi, wachawi. Yeye alikuwa ameangukia wachawi.

"Na mtu akitaka kutoka kwa hao wachawi?" mgeni akauliza polepole.

Nilimwomba Mungu amfunge msichana mdomo. Hakumfunga.

"Hatoki, mama. Ukizaliwa mchawi ni hivyo tu."

Nilijua mgeni alichokuwa akingojea: mwenye nyumba aionje kwanza chai aliyomwandalia, atoe uchawi, kama watu wasemavyo. Miaka yote niliyowafundisha akina mama Biblia nimekataa desturi hiyo, kwa sababu anayeonja anakubali kwamba kuna cha kutolewa. Nikionja, ningekana niliyoyafundisha. Nisipoonja, mjukuu wangu angeikosa ndoa aliyoiombea kwa machozi. Mikono yangu ilibaki mapajani.

Msichana alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akaelewa. Akapiga goti, akakichukua, akanywa mafunda makubwa, kisha akamrudishia mgeni kwa mikono miwili.

"Uchawi nimetoa, mama. Na huko kwa gemu sijawahi kushinda. Wananiua kila saa."

Mabega ya mgeni yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Mchawi gani huyu wa kuuawa kila saa!" akasema, akijifuta macho. Akachungulia kikombe. "Na chai yangu ameimaliza. Niongezee, mama. Sukari kidogo tu, isije ikanipeleka kama mjomba."

Nilimmiminia huku nikimshukuru Mungu kimoyomoyo.