Gladiola za Mama Yako

Mwanangu, hebu acha kuyageuzageuza hayo maua ya mkeo, uketi. Hospitali anakojifungulia hawatapiga simu kwa sababu umesogeza jagi. Nikikutazama hivi naikumbuka siku moja hapa hapa Kisumu, nikiwa kijana wa umri wako, na kila kiti kilikuwa cha moto kwangu.

Mama yako alikuwa wodini akingojea kujifungua mara ya kwanza, na daktari alikuwa ameanza kuongea nami kwa sauti ya chini. Kabla ya kwenda hospitali, mama yako alikuwa amenunua gladiola pale sokoni Mamboleo, yale maua marefu yanayofunguka moja moja kuanzia chini, akayatia kwenye jagi. Akaniambia, "Nikirudi nataka nipate hii maua bado iko sawa." Alikuwa anatania tu. Mimi nikajiaminisha kwamba yakifa, naye hatarudi.

Basi kila nikitoka hospitali, mbio kwenye jagi. Nayapeleka dirishani yapate jua, nayarudisha mezani kando ya ndizi, naongeza maji mapya juu ya yale ya zamani. Yalizidi kulegea, nami nikazidi kuyashikashika.

Ndipo akaja bibi yako kutoka Sondu, mamake mama yako. Kwetu, mama mkwe hakuingia nyumba ya mkwewe kabla hajakaribishwa kwa taratibu zake. Kwa hiyo alisimama nje juani, akichungulia, akiuongelesha mwimo wa mlango badala yangu.

"Kuna mtu hapa anasumbua maua," akauambia mwimo. "Hiyo maji inanuka mpaka huku. Mwaga yote, osha jagi na sabuni. Kata hiyo miguu yake kidogo, kisu iende upande. Majani yenye inaingia kwa maji, toa. Na ndizi iende jikoni, ikiiva inamaliza maua. Halafu toa yenye imekufa, ya juu ifunguke."

Nilifanya yote hadi la mwisho, hapo mkono ukagoma. "Mama," nikasema, macho chini, "naogopa kutoa hata moja."

Desturi au si desturi, akanitazama usoni. "Baba, mtoto wangu hayuko kwa jagi. Ako wodi. Na mimi pia naogopa. Toa, halafu uende ukae na yeye."

Nikayatoa, nikaenda.

Siku mama yako aliporudi amekubeba, yale ya juu yalikuwa yamefunguka, mekundu. Unajua alifanya nini? Alipita kando ya meza bila kuyaona, akaomba uji. Nilicheka mpaka nikalia. Kisha nikakupeleka mlangoni, bibi yako akupokee.

Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Maua yabadilishie maji kila asubuhi, kata shina, yaepushe na jua na matunda, ondoa yaliyokufa, kisha yaache. Na umpendaye usimlinde kwa kushika vitu vyake. Kaa karibu naye, hata kama huna la kufanya huko. Mama yako yuko na mkeo wodini tayari. Wewe unangoja nini hapa?

Chukua koti. Mungu akutangulie njiani, amfungue mkeo salama, awarudishe wote kwenye mlango huu. Uji nitakuwa nimeshaupika.